Maonyesho ya picha za wapenzi wa muziki: nianzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, ninaandaa maonyesho ya picha kuhusu watu wa Dar es Salaam wanaoupenda muziki kwa dhati, si wanamuziki maarufu bali mashabiki wanaozifuata bendi miaka nenda, miaka rudi. Nichague picha za aina gani?

Jibu la kwanza: Anza na wazee wa muziki wa dansi. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, ina mashabiki waliozeeka nayo. Mpige picha mmoja wao nyumbani kwake akifuta vumbi kwenye santuri zake, kwa sababu mapenzi ya namna hiyo, kwa maoni yangu, huonekana mikononi kuliko usoni.

Jibu la pili: Naafiki, ila usiwasahau vijana wa mitaa ya Manzese na Tandale wanaopenda singeli, ule muziki wa kasi. Uchezaji wao ni wa kasi mno. Ukiiacha lenzi wazi kwa muda mrefu kidogo, mikono itaacha ukungu, na ukungu huo ndio mdundo wenyewe. Flashi iache nyumbani.

Jibu la tatu: Omba ridhaa kwanza, hasa kwa akina mama wanaowatunza pesa waimbaji wa taarabu.