Fildi ya shahada ya ustawi wa jamii: shauri linaandikwaje lisirudishwe?

Mwaka_wa_Pili

Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya ustawi wa jamii, fildi (mafunzo kwa vitendo) inaanza mara baada ya mitihani, wiki 8, na nafasi tunajitafutia wenyewe. Niko Dar. Mwongozo wa chuo unataka mashauri 3 (kesi za wateja) ya mtu mmoja mmoja, kazi 1 ya kundi na 1 ya jamii. Nina maswali mawili. Barua niipeleke wapi ili nifanye kazi ya ustawi kweli, nisije nikaishia kutoa fotokopi? Na shauri lenyewe linaandikwaje? Kanuni 7 za Biestek za kuhusiana na mteja tumezisoma, hatua za tathmini tumezisoma, ila faili lililoandikwa vizuri sijawahi kuliona kwa macho. Natanguliza shukrani.

Kata_kwa_Kata

Barua kwanza, maana hapo ndipo wiki 8 za wengi zinapopotelea. Halmashauri ina watu wa Maendeleo ya Jamii na ina watu wa Ustawi wa Jamii, na hizo ni fani mbili. Maendeleo ya Jamii ndio wanaoshughulika na vikundi na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukitupwa huko utashinda ukikagua katiba za vikundi na mihtasari ya vikao, na hakuna shauri hata moja litakaloingia kwenye logibuku yako (daftari la kazi za kila siku za fildi). Ustawi wako upande wa Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Kinachowachanganya watu ni jina la wizara, kwa sababu Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum inabeba yote mawili. Karani wa masjala akisoma "masuala ya jamii" kwenye barua yako, ataipeleka anakojua yeye.

Kwa hiyo mwandikie Mkurugenzi wa Manispaa na kichwa kiseme bila kupindisha: YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, USTAWI WA JAMII. Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua ikipotea, muhuri huo ndio utakaokutetea. Kwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, barua inaenda kwa Mganga Mfawidhi. Mahabusu ya watoto, makao ya watoto Kurasini na makazi ya wazee Nunge kule Kigamboni ni ya serikali kuu, ruhusa yake haimaliziki pale manispaa. Kama unayataka hayo, anza kufuatilia sasa hivi, usisubiri mitihani iishe.

Kwa mashauri 3 ya aina tofauti ningekushauri manispaa: matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa, wazee walioachwa peke yao. Hospitali ni nzuri sana ila kazi yake inajirudia: msamaha wa matibabu, mgonjwa asiye na ndugu, mgonjwa aliyeruhusiwa lakini hana pa kwenda.

Faili_la_Kijani

Nakuja kwenye uandishi. Mashauri mengi yanarudishwa kwa sababu moja: mwanafunzi anachanganya alichokiona na anachokifikiria. Tazama mfano huu wa kutunga. Ametembelea kaya, kaandika:

"Mama ni mzembe, hajali elimu ya mtoto, na mazingira ya nyumbani ni duni."

Msimamizi hana la kufanya na sentensi hiyo. Hajui kama ni kweli, na mama akiisoma atakuwa na haki ya kukasirika. Sasa soma hii:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi. Mtoto, miaka 7, yuko nyumbani siku ya shule. Sare imeanikwa kambani, bado inachuruzika maji. Jiko la mkaa limewekwa mlangoni, limepoa, sufuria ni tupu. Mama anasema: 'Sare ni moja, jana alianguka nayo kwenye matope.'"

Baada ya hapo ruka mstari, andika TATHMINI, ndipo useme: kukosa shule kunaelekea kutokana na uhaba wa sare na kipato, si kutojali, nithibitishe kwenye daftari la mahudhurio. Unaona, uzembe umegeuka sare moja, na sare moja ni kitu unachoweza kukifanyia kazi.

Ndani ya faili weka hivi. Ukurasa wa kwanza: namba ya shauri, tarehe ya kupokelewa, nani kalileta (kaja mwenyewe, mjumbe, shule, polisi) na tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kisha historia fupi, isizidi ukurasa mmoja. Kisha jenogramu, yaani mchoro wa ukoo, ya vizazi vitatu: mwanamume mraba, mwanamke duara, mteja wako mstari maradufu, aliyefariki alama ya X ndani, wenzi waliotengana mkato mmoja kwenye mstari wa ndoa, waliopeana talaka mikato miwili. Watoto wapangwe kwa kuzaliwa, mkubwa kushoto. Kosa la kila mwaka ni kumchora bibi anayelea wajukuu kama vile hakai humo. Zungushia mstari wa nukta wote wanaolala chini ya paa moja, hapo ndipo msomaji ataona nani anamlea nani.

Halafu ekomapu, mchoro wa kaya na wanaoizunguka: kaya katikati, pembeni shule, zahanati, msikiti au kanisa, kikoba, mwenye nyumba, baba aliyehama. Mstari mnene ni uhusiano imara, wa vipande ni dhaifu, wenye vikato ni wa mvutano. Weka mishale kuonyesha msaada unatoka wapi kwenda wapi. Mara nyingi mchoro huu unakuonyesha mtu ambaye mteja hakumtaja kabisa kwenye mazungumzo.

Mpango wa kazi sasa. "Kumsaidia mtoto apate elimu" si lengo, ni dua. Andika nani, afanye nini, lini, na ushahidi upi: "Mama na mwanafunzi wa fildi wataonana na mwalimu wa malezi ifikapo Ijumaa, nakala ya mahudhurio ya wiki mbili itawekwa kwenye faili." Na tafadhali usiandike "kaya iingizwe TASAF" (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) kana kwamba afisa anasaini tu mambo yakaisha. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa vipindi vyake. Pendekezo la namna hiyo linaonyesha hujauliza utaratibu.

Andika siku ileile. Mbele ya mteja chukua maneno machache tu, majina na tarehe. Ukiinamia daftari muda wote, mtu anaacha kuongea. Ila ukilala kabla hujaandika, kesho utaandika unavyodhani ilikuwa.

Msimamizi_Fildi

Naunga mkono, isipokuwa nakazia usiri, maana haujaguswa. Kwenye nakala ya chuo usitumie jina wala herufi za kwanza za jina. Mtaani kuna "A.M. mwenye mapacha" mmoja tu. Tumia namba, ondoa jina la mtaa na la shule. Faili halisi halitoki ofisini, na usilipige picha kwa simu.

Usiri nao una mipaka, na mipaka hiyo mteja aisikie mwanzoni, kabla hajafungua kinywa. Sema hivi: "Utakayoniambia nitayatunza. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, itabidi nimweleze msimamizi wangu ili upate ulinzi." Ukimwahidi mtoto siri kamili halafu ukaivunja, hatamwamini tena mtu mzima mwingine.

Mtoto akikueleza ukatili wa kingono, wewe mwanafunzi kazi yako ni kusikiliza, kuandika maneno yake kama alivyoyasema na kumwita msimamizi saa hiyohiyo. Usimhoji upya upate "maelezo kamili"; kurudiarudia maswali kunamuumiza na kunaharibu ushahidi. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kwa hiyo hospitali isisubiri mlolongo wa ofisi. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, matibabu, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja. Pasipo nacho, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) inapatikana Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nje ya saa za kazi kuna simu ya mtoto, 116, haina malipo.

Jambo lingine: usitoe hela yako. Najua inauma kumwona mtu hana nauli. Lakini wiki ya 8 unaondoka, na afisa anayebaki anadaiwa kitu ambacho ofisi haina.

Mwaka_wa_Pili

Asanteni sana wakuu, nimenakili kila kitu. Moja la mwisho: manispaa wakinipeleka mahakama ya watoto na afisa, ile taarifa ya uchunguzi wa kijamii inatofautianaje na shauri la kawaida?

Faili_la_Kijani

Msomaji ni hakimu, na anachokitafuta ni kumjua mtoto na mazingira yake ili atoe amri inayomfaa. Si kazi yako kusema kama alitenda au hakutenda; sentensi kama "mtoto huyu ndiye aliyeiba" ikiingia humo, umevuka mpaka. Eleza malezi, shule, afya, marafiki, umri na uthibitisho wake (cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au maelezo ya mzazi), na nani yuko tayari kumpokea nyumbani. Umri uutafute mapema, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na mtoto hahukumiwi kifungo jela. Umri ukibaki utata, shauri zima linayumba.

Pendekezo liwe linatekelezeka. Ukiandika "awe chini ya uangalizi wa shangazi", hakikisha umeonana na huyo shangazi, umeona atakapolala mtoto, na amekubali kwa kinywa chake. Shule ya maadilisho (ya kurekebisha watoto waliokinzana na sheria), ile ya Irambo, Mbeya, usiikimbilie: unamtoa mtoto wa Dar mbali na kila anayemjua, kwa hiyo eleza kwanza njia nyingine ulizojaribu na kwa nini hazikufaa. Kurasa 2 hadi 3 zinatosha. Afisa ndiye anayesaini, wewe unaandaa rasimu, hivyo mpe siku mbili kamili kabla ya tarehe ya kesi aisome na kukurudishia.