Mimi Tecno, yeye iPhone: lokesheni inasema ukweli kiasi gani?

Msafiri58
Wadau, habari za jioni. Niko Nakuru, mwaka wa saba huu kwenye ndoa. Natumia Tecno, bibi ana iPhone aliyotumiwa na dadake aliye Qatar. Sasa anataka tuwe tunaonana kwa ramani, yeye ajue niliko na mimi nijue aliko. Alijaribu ile Find My iliyokuja na simu yake, jina langu halikubali kabisa. Naomba kujua mambo mawili. Inawezekana kwa simu za aina mbili? Na ikiwezekana, inaonyesha mahali kamili ama inakisia tu? Yaani mtu anaweza kuwa hapa na ramani iseme yuko pale?

FundiKondele
Find My ni ya Apple kwa Apple, hata mkeshe mkiomba haitaitambua Tecno. Tumieni Google Maps, hiyo tangu 2017 haibagui simu. Bonyeza picha yako juu kulia, ingia kwa kushiriki mahali, chagua akaunti yake na muda: saa moja, ama mpaka wewe mwenyewe uzime. Yeye afanye vilevile, ila kwa mipangilio ya iPhone aipe Maps ruhusa ya mahali "kila wakati". Bila hiyo, akifunga programu utamwona amekwama alipokuwa saa nne asubuhi, uanze kumpigia kelele bure. Kwa Tecno yako, itoe Maps kwenye zile programu zinazolazwa kuokoa betri. Kama ni safari moja tu, WhatsApp inatosha: dakika 15, saa 1 ama saa 8, halafu inajizima.

Ukiwa nje peupe inakuweka ndani ya mita chache. Ndani ya jengo inaweza kukurusha hadi ploti ya jirani. Hilo swali la mwisho sijalielewa. Ama nimelielewa sana?

Mama Tausi
Miaka saba na bado mnatafutana kwa ramani? Mimi na mzee wangu tuna miaka 31, simu yake ni kabambe, ile ya vitufe isiyo na ramani. Akichelewa najua yuko kwa mchinjaji anabishana siasa. Vijana mnaamini satelaiti kuliko mtu mnayelala naye.

Nyakwar_Ahero
Omera, usiwashe hiyo kitu. Nilikuwa na msichana wa Mamboleo. Siku moja ananipigia, namwambia niko kwa matatu, ndio tunapita Awasi. Akaniuliza, "Awasi imehamia Dunga lini?" Nilikuwa nimekaa ziwani na vijana, ngege mbele yangu, jicho lake limenikazia. Tuliachana kabla sijamgeuza upande wa pili. Samaki, sio msichana.

Shemeji_wa_Wote
Msafiri, mpango wa kando anaitwa nani? Tuokoe muda.

Msafiri58
Hakuna mpango wa kando. Bibi anaogopa tu. Kuna siku simu ilizima nikafika saa tano usiku, akawa ameshapiga hadi kwa mamangu.

Atoti_Milimani
Mwenye njia nyeupe haulizi kama ramani hukosea. Unafanya kazi wapi?

Msafiri58
Sawa. Nilikuwa karani wa stoo kwa kampuni moja Industrial Area. Tulipunguzwa mwezi wa pili na bibi hajui. Kila asubuhi natoka Shabab nimechomekea, begi la laptop mgongoni. Ndani ya begi kuna gambuti na fulana. Nabadilisha kwa choo cha kulipia, naingia Wakulima kushusha viazi vya Molo. Siku nzuri naondoka na soo nane. Jioni nanawa, napaka mafuta, nafika nyumbani nikimlalamikia bosi ambaye sijamwona tangu Februari. Mikono imeota sugu, nimemwambia ni jimu.

Karani_Mstaafu
Kabla ya hayo ya ramani, ulilipwa haki yako? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: mtu akipunguzwa kazini apewe notisi ya mwezi ama malipo yake, na juu yake si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza. Likizo ambazo hukwenda nazo pia zilipwe. Wengi husaini karatasi bila kuhesabu. Ulifanya miaka mingapi?

Msafiri58
Sita, mzee. Nililipwa. Ndizo hizo namtolea kidogo kidogo kila tarehe 30 kama mshahara. Zinaisha mwezi ujao.

Mwalimu_wa_Bungoma
Ndugu, kubeba gunia si aibu. Babangu alilipa karo yangu kwa mkokoteni na hadi leo nauona ukipita nasimama. Mwambie bibi usiku wa leo.

Msafiri58
Mmechelewa kidogo. Lokesheni tayari iko. Nina Infinix ya zamani, kioo kimepasuka. Nimeweka akaunti yangu ya Google humo na kuchagua mahali patoke kwa simu hiyo. Asubuhi naiacha kwa soja wa geti la pale kazini, tulikuwa tukila githeri pamoja. Bibi akiangalia anaona niko Industrial Area, anatulia. Nilitaka tu kujua kama kuna mahali patanishika. Na kabla hamjanihukumu: ana mimba ya miezi saba, na kliniki presha imepatikana juu mara mbili. Sitaki kumwambia sasa. Akishajifungua nitasema.

FundiKondele
Patakushika pengi, bana. Ramani haimwonyeshi mahali peke yake, inamwonyesha na betri yako, asilimia ngapi na kama iko kwa chaji. Utaongea naye dakika arobaini kwa Tecno, aangalie, betri haijashuka hata moja. Ama ile Infinix izime saa tatu asubuhi na wewe unampigia saa tano. Na soja akitoka zamu?

Msafiri58
Anatoka saa kumi na mbili jioni. Huwa namfikia kabla.

Mama Tausi
Mwanangu, hapo kwa mimba umenigusa. Lakini presha ya mjamzito haipandishwi na viazi. Inapandishwa na mume ambaye simu yake iko kazini na yeye hayuko. Mpeleke kliniki, ukae kwa benchi na yeye, hayo mengine yatatoka tu mdomoni.

Msafiri58
Wadau, leo mambo yameharibika. Mvua imechelewesha lori la viazi, nikafika getini saa moja. Soja ameshaenda kwake na simu mfukoni. Bibi amepiga: "Baba Neema, Rhonda unatafuta nini? Na mbona uko ndani ya nyumba za watu dakika arobaini?" Nimesema kuna mwenzetu mgonjwa, nimeenda kumwona. Amenyamaza. Nilidhani simu imekata.

Shemeji_wa_Wote
Buda, sasa umepata mpango wa kando bila hata kuufaidi.

Chunguza_Kwanza
Wazee, hii ni hekaya. Nimeisoma mwaka jana, ilikuwa mwalimu wa Eldoret na simu iliachwa kwa fundi wa baiskeli. Jiulizeni: simu ya zamani mkononi mwa soja inapata intaneti wapi? Na mvua gani? Niko Free Area, leo jua limenichoma shingo mchana kutwa.

Nyakwar_Ahero
Nakuru mvua hunyesha upande mmoja wa Kenyatta Avenue, wa pili wanauza miwani ya jua. Hiyo si ushahidi.

Atoti_Milimani
Lakini Neema alitoka wapi? Mtoto hajatajwa siku mbili, ghafla ana jina.

Karani_Mstaafu
Iwe kweli ama si kweli, kifungu cha 40 kiko palepale.

Msafiri58
Neema ni wa kwanza, yuko darasa la kwanza, sikuona haja ya kumtaja. Laini nilinunua, na kila asubuhi naweka bando la mbao, shilingi ishirini. Mvua ni ya Molo kule viazi vinakotoka, sikusema ya hapa. Asiyetaka kuamini aache. Nauliza moja tu, fundi: nikizima kushiriki saa hii, bibi anapata ujumbe?

FundiKondele
Utatoweka kwa ramani yake. Hiyo yenyewe ni ujumbe.

Mwalimu_wa_Bungoma
Uko wapi sasa hivi?

Msafiri58
Nje ya geti letu. Taa ya jikoni inawaka. Bado nina gambuti.

Chunguza_Kwanza
Ona sasa, mpaka taa ya jikoni. Huyu anatuandikia riwaya.

Binti_Kakamega
Samahani kuingilia. Mimi nina iPhone, mchumba ana Samsung. Hiyo ruhusa ya "kila wakati" inawekwa kwa simu yangu ama yake?

FundiKondele
Yako, dada. Na huyo mchumba anasema anafanya kazi wapi?