Hivi gereza la kampuni linapataje faida wakati mfungwa hana hela?

Mpita_Njia
Wakuu habari za jioni. Nasikia kule Marekani kuna magereza ni ya makampuni kabisa, yana hisa sokoni kama benki au kiwanda cha bia. Sasa mfungwa halipi kodi ya chumba, hiyo faida inatoka wapi? Na kama biashara yenyewe ndo wafungwa si ina maana tajiri anaombea watu wafungwe? Maana huku kwetu gereza likijaa serikali inalia.

MzeeWaHesabu
Anayelipa ni serikali mkuu, kwa kichwa kwa siku. Wakubwa ni wawili, GEO Group ya Florida na CoreCivic, hao wa pili walianzia Tennessee 1983 wakijiita CCA. Kampuni ikishapokea hela, kile inachobania ndo chake, na gerezani kinachokula hela sana sio chakula ni mishahara ya askari, kwahiyo wanaanza kukata hapo hapo. Kuna gereza la Idaho walikuwa wanaendesha CCA, ngumi kila siku mpaka wafungwa wakalibatiza shule ya magladieta, 2013 kampuni yenyewe ikakiri makaratasi ya zamu yalijazwa uongo, masaa kama 4,800 ya askari ambao hawakuwepo. Askari hewa yani, mnadhani ni sisi tu! Mwaka uliofuata jimbo likalichukua gereza lake.

binti_sheria
Swali la pili jibu ni ndiyo, tena limeandikwa kwenye mkataba. Mikataba mingi ina kipengele cha kuhakikisha vitanda vyenye watu havipungui asilimia 80, 90, Arizona kulikuwa na ya mpaka 100, vikibaki vitupu serikali inalipa vile vile. 2010 wafungwa watatu walitoroka gereza la kampuni pale Kingman, Arizona, wawili kati yao wakaja kuua mtu na mke wake waliokuwa safarini. Jimbo likagoma kupeleka wafungwa wapya mpaka ulinzi urekebishwe, kampuni ikaja juu inadai hela ya vitanda vitupu na ikalipwa, kama dola milioni 3. Umetorosha watu na bado unalipwa 😂

Kinyozi wa Mtaa
Tusikuze mambo jamani. Magereza ya kampuni yana kama asilimia 8 tu ya wafungwa wa Marekani, waliobaki wote ni wa serikali. Waliojaza jela ni wanasiasa na sheria zao za madawa na vifungo virefu miaka ya 80 na 90, funga hizo kampuni leo uone kama kuna mtu atarudi nyumbani.

Mbongo_Texas
@Kinyozi hiyo 8 ni ya wahalifu, mahabusu wa uhamiaji hesabu ni nyingine kabisa, huko karibu 9 kati ya 10 wapo kwenye vituo vya makampuni. Ndugu yangu alishikwa huku, akawa anapiga deki kwa dola moja kwa siku, wenyewe wanasema ni kazi ya kujitolea, na hiyo dola inaishia kwenye simu ya kuongea na sisi. Hiyo ya kuombea, angalia 2016. Agosti serikali ya Obama ilitangaza itaachana nao kwenye magereza ya shirikisho, hisa zikaporomoka siku ile ile. Novemba Trump kashinda, kesho yake asubuhi CoreCivic imepanda zaidi ya asilimia 40, kabla hata hajaapishwa.