Wakuu, naomba muongozo: diski inachechemea, pawa saplai imekufa, RAM mpya zipo mezani. Nianze na kipi kwenye sava ya raki?

Kijana wa Kurasini

Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha huku Kurasini. Mimi ndiye IT, mimi ndiye fundi printa, na siku ya mkutano mimi ndiye wa kuhangaika na projekta. Tuna sava moja tu, Dell PowerEdge R730 ya yuniti 2, imekaa kwenye raki ndani ya chumba kidogo chenye AC. Uhasibu upo humo, nyaraka za mizigo zipo humo, kila kitu. Kazi zangu zote kwenye hiyo mashine zimekuwa za programu, kava lake sijawahi kulifungua.

Hali ilivyo sasa ni hivi. Ina sehemu 8 za diski, zenye diski ni 4, RAID 5 (data imegawanywa ili diski moja ikifa kazi isipotee). Diski moja taa yake inawaka kijani, inageuka njano, inazima, halafu inarudia. Pawa saplai moja kati ya mbili imekufa. Na tumenunua RAM nne za GB 16 kuongeza kwenye nne zilizopo ili tufike GB 128.

Bosi kanipa Jumamosi mchana baada ya kufunga ofisi. Nilikuwa nawaza nizime, niivute, nibadilishe vyote vitatu kwa mkupuo, niwashe, nikale zangu chips mayai. Mnaonaje? Na ule mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, kwa hewa hii ya Dar una kazi kweli?

Mzee wa Bisibisi

Chips mayai utakula Jumapili, tena zimepoa.

Usifanye vyote kwa mkupuo. Sava ikikataa kuwaka utajuaje kama ni RAM, ni diski au ni waya uliougusa? Badilisha kimoja, hakikisha, ndipo ugeukie kingine. Na kabla ya yote, bakapu iko wapi? Jibu hilo kwanza.

Kijana wa Kurasini

Bakapu ipo mzee wangu, kila usiku inaenda kwenye diski ya nje.

Mzee wa Bisibisi

Umeshawahi kurudisha faili hata moja kutoka humo ukalifungua? Kama bado, hiyo ndiyo kazi yako ya kesho asubuhi.

Mswahili wa Tandika

Mkanda wa nini Dar es Salaam? Unyevu wote huu, umeme tuli utakaa wapi? Vua viatu, shika chuma, piga kazi.

Fundi Raki

Kijana, mpango wako una tatizo moja kubwa ambalo halihusiani na kasi. Unataka kuizima sava yenye diski inayochechemea. Diski ya sahani ambayo imezunguka miaka bila kusimama inaweza kugoma kabisa ikizimwa na kuwashwa tena. Ile taa ya kijani, njano, kuzima inasema diski inatabiriwa kufa, bado inafanya kazi. Itumie wakati iko hai. Na vitu viwili kati ya vitatu ulivyotaja havihitaji kuzima chochote.

Angalia rangi za vishikio. Kwa Dell, kishikio cha rangi ya chungwa maana yake kitu hicho kinatoka mashine ikiwa inawaka. Bluu ni mahali pa kushika tu, na kitu cha bluu unakitoa mashine ikiwa imezimwa. HPE, watengenezaji wengine wa sava, wao badala ya chungwa wanaweka wekundu wa damu ya mzee, bluu maana yake inafanana. Pawa saplai yako na diski zako ni chungwa. RAM si ya chungwa, hiyo subiri Jumamosi.

Mimi ningeanza na pawa saplai, kwa sababu sasa hivi unatembelea mguu mmoja. Soma lebo ya ile nzima: kama ni wati 750, mpya nayo iwe wati 750, usichanganye. Hakikisha mara mbili ipi imekufa (taa yake inakwambia, na iDRAC, ule mfumo wa Dell wa kuisimamia sava kwa mtandao, itakwambia pia), chomoa waya wake, fungua ile nailoni inayoshika waya, bonyeza kilachi cha chungwa, vuta kwa mpini. Mpya isukume mpaka usikie imebana, ndipo uchomeke waya. Taa ikitulia kijani, mambo safi. Ikimetameta kijani kisha ikazima, ujue hazijalingana. Na tafadhali, nyaya mbili zisiishie kwenye ekstensheni moja chini ya meza. Moja kwenye UPS (betri ya akiba), nyingine njia tofauti, la sivyo pawa saplai mbili ni pambo.

Diski sasa. Kwa kuwa una sehemu 4 tupu, usichomoe inayoumwa. Chomeka mpya kwenye sehemu tupu, kisha uiambie kontrola (kadi inayosimamia diski, kwa Dell inaitwa PERC) inakili kutoka ya zamani kwenda mpya. Kwenye PERC kazi hiyo inaitwa Replace Member. Faida yake ni kwamba muda wote wa kunakili RAID 5 yako inabaki na kinga. Ukichomoa kwanza, unabaki na diski tatu zinazokamuliwa usiku kucha kujenga upya ya nne, na moja ya hizo tatu ikianguka, umekwisha. Mpya iwe ya aina ileile ya muunganisho, SAS kwa SAS au SATA kwa SATA, na ukubwa usipungue.

Kunakili kukiisha, washa taa ya kuitambulisha ile ya zamani kupitia iDRAC, iwe inamulika pale mbele, ndipo uitoe. Usihesabu kwa macho. Kuna ofisi moja niliitwa baada ya fundi wao kuhesabu diski kutoka kulia wakati namba zinaanzia kushoto, tena kutoka sifuri. Alichomoa nzima, ile mgonjwa ikabaki peke yake na ikafa kabla hajanywa maji. Unapoitoa, fungua kishikio, ivute kidogo, subiri nusu dakika sahani zisimame, halafu ndiyo itoke yote.

Mswahili wa Tandika

Umenijibu kila kitu isipokuwa mkanda 😂

Fundi Raki

Nilikuwa nakusubiri. Unyevu wa Dar upo nje. Ndani ya chumba cha sava AC inakausha hewa mchana na usiku. Halafu mkono wa mtu hausikii cheche mpaka ifike kama volti 3,000, wakati chipu inaweza kuumia kwa volti zisizofika hata mia. Utaiua bila kuhisi kitu, na pengine haifi hapo hapo, inaanza makosa mwezi ujao ukilaumu Windows. Mkanda una rezista ya megaomu 1 ndani, bana klipu yake kwenye chuma cha sava kisicho na rangi. Kuvua viatu ndiyo kabisa usimshauri mtu.

Ila unyevu una hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Sava ikitoka kwenye chumba cha baridi ikapelekwa kwenye korido ya joto, itatoa jasho kama chupa ya soda. Maji hayo yako juu ya bodi. Fanyia kazi humo humo ndani, AC ikiwa inawaka. Na jasho lako pia, funga kitambaa kichwani.

Dada wa Seva

Nikuongezee upande wa RAM mdogo wangu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kabla ya Jumamosi soma lebo ya kila kijiti. Utakuta kitu kama 2Rx4 PC4-2400T-R. Hiyo herufi baada ya kistari ndiyo ya kuangalia. R ndiyo unayoitaka kama zilizopo ni R. L ni aina nyingine, R730 inaikubali lakini haichanganyiki na R. U au E haziendi humo kabisa.

Kwenye bodi kuna sloti 24, 12 kwa kila prosesa, A1 hadi A12 na B1 hadi B12. Unajaza zenye vibano vyeupe kwanza. Kama zilizopo ziko A1, A2, B1 na B2, mpya ziende A3, A4, B3 na B4. Prosesa zote mbili zipate sawa. Ramani imebandikwa upande wa ndani wa kava.

Kijana wa Kurasini

Dada, nimetoka kuziangalia sasa hivi. Mbili zimeandikwa R. Mbili zimeandikwa E 😩 Zote tumeuziwa duka moja Kariakoo kwa bei moja. Je, nikijaribu kuzichomeka nione?

Dada wa Seva

Usijaribu. Shida ya hizo E ni kwamba zitaingia vizuri kabisa, matundu yake na R ni yaleyale, halafu sava itagoma kuwaka na wewe utadhani umevunja kitu. Zirudishe na risiti, safari hii nenda na kijiti kimoja cha zamani au piga picha lebo yake.

Kijana wa Kurasini

Nimeelewa. Sasa siku yenyewe, hatua za RAM zikoje? Maana hapo ndipo naogopa.

Mzee wa Bisibisi

Zima kutoka ndani ya Windows, usibonyeze kitufe. Ikizima, chomoa nyaya ZOTE mbili za umeme. Waya ukiwa umechomekwa, bodi ina umeme hata kama sava imezimwa, ndiyo maana iDRAC huwa inajibu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ushikilie kidogo, umeme uliobaki ndani uishe. Nyaya za nyuma ziwekee alama kabla hujazigusa, na zipige picha.

Ivute kwenye reli taratibu. Raki kama haijafungwa chini kwa boliti, usivute mashine mbili kwa pamoja, itakulalia. Na kama unataka kuitoa kabisa kwenye reli, tafuta mtu wa pili. Ikijaa diski inapita kilo 25.

Dada wa Seva

Ukifungua kava utakuta plastiki kubwa imefunika prosesa na RAM. Hiyo inaongoza upepo. Itoe kwa kuinyanyua wima, na ukimaliza irudi ilipokuwa. Nimekutana na sava zinazonguruma kama boda iliyokatika ekzosti kwa sababu fundi aliona ile plastiki haina maana.

RAM za zamani zitakuwa bado za moto, subiri kidogo. Shika kijiti kwenye kingo, usiguse dhahabu. Fungua vibano pande zote, linganisha pengo na kijino cha sloti, kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibano vijifunge vyenyewe. Kikigoma, toa uangalie upande. Usitumie nguvu ya kufungulia soda.

Mzee wa Bisibisi

Na ukiwasha utaona giza kwenye skrini kwa dakika kadhaa, feni zinapiga kelele. Inazipima RAM mpya. Vijana wengi hapo ndipo huchomoa waya kwa woga. Mwache apumue. Ikiwaka bonyeza F2, hakikisha inasoma GB 128, kisha angalia kumbukumbu za iDRAC kabla ya kufunga raki.

Kijana wa Kurasini

Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo: kesho najaribu bakapu, pawa saplai nabadilisha jioni, diski naichomeka usiku inakili, Jumamosi RAM kama Kariakoo watanibadilishia. Swali la mwisho: yule muuzaji wa diski anasema nikimletea ya zamani ananipunguzia bei. Nimpe?

Fundi Raki

Hapana. Ina vipande vya nyaraka za wateja wenu, TIN zao, namba za simu, ankara. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo ni jukumu la ofisi. Kama bado inaandikika, ifute yote kwa programu ya kufuta kabisa. Kama haiandikiki, itoboe kwa drili kupita sahani zote, ndipo umpe chuma chakavu.

Mswahili wa Tandika

Drili ninayo, mkuu. Nipo Tandika sokoni. Na mkanda nimeagiza.