Naomba ushauri: ethi kwenye ardhi ya mwamba, Iringa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi umeme, nipo Kihesa, Iringa. Nyumba ninayofanyia wayaringi imekaa juu ya mwamba. Fimbo ya ethi (chuma cha kupeleka ardhini umeme unaovuja) ya mita 1.2 imegoma kwenye sentimita 50. Nilipima ukinzani wake nikapata omu 180, ambazo ni nyingi mno. Nikamwagia maji ya chumvi, zikashuka hadi 95, lakini wiki mbili za jua zimezirudisha palepale, na chumvi yenyewe inakula chuma.

Najua elektrodi (vyuma vya kupitishia mkondo ardhini) za laini kubwa za umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) huzikwa ndani ya koki (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa) ili mkondo usambae vizuri ardhini. Je, mkaa wetu wa kupikia unaweza kufanya kazi hiyo? Au nichimbe mtaro nilaze waya wa shaba, na uwe mita ngapi? Nyumba ina watoto wadogo, sitaki kabisa kubahatisha.