Stepford Wives: ya 1975 au ya 2004?

Kibatari: Wakuu habari za jioni. Nimeshusha filamu za Stepford Wives zote mbili, ya 1975 na ya 2004, ila mama watoto kasema tunaangalia moja tu tukalale. Najua ni mtaa wa wenye nazo, Stepford, huko Connecticut Marekani, wake wote wazuri, wapole, nyumba zinang'aa, kumbe waume wana lao jambo. Ipi?

Bisi_Moto: 2004 mkuu usijiulize. Nicole Kidman, Glenn Close, Bette Midler, Christopher Walken, halafu komedi. Kuna mke anatema noti mdomoni kama ATM mbele ya washkaji wa mumewe, nilicheka chai ikanipalia

Shangazi_Tabata: Hapo hapo kwenye noti ndo stori inapobomoka mwanangu. Mtu anayetoa pesa mdomoni si ni mashine, sasa mbona mwishoni tunaambiwa ni chipu tu kichwani, zikizimwa wanawake wanarudiwa na akili zao wanakwenda zao? ATM ilikaa wapi, kwenye bandama? Ile ya 1975 haina huruma hiyo, mke anauawa roboti inakaa nafasi yake basi, na kinachotisha si roboti, ni kwamba mume anajua, amelala naye kitanda kimoja, wamezaa, na bado kamtoa. Bado nakumbuka Joanna (Katharine Ross) anamchoma shoga yake kisu jikoni, damu hakuna, na yule anaendelea na habari za kahawa huku vikombe vinamdondoka kimoja kimoja. Sikulala.

Bisi_Moto: shangazi ya zamani inatambaa kama konokono lakini, nusu saa nzima watu wanahamia nyumba

Mwalimu_Mstaafu: Inatambaa kwa makusudi, ndivyo na Joanna anavyochelewa kushtuka. Kitabu cha Ira Levin kilichozaa filamu hizi kilitoka 1972, wanawake wa Marekani wakiwa katikati ya kudai haki zao, na kinara wa klabu ya wanaume pale Stepford aliwahi kufanya kazi Disneyland kwenye midoli inayotembea. Dhihaka tosha hiyo, hata bila kuchekesha. Kama mlipenda filamu ya Get Out ya 2017, muongozaji wake Jordan Peele mwenyewe alisema alichota huku.

Bisi_Moto: ila ya 2004 kinara ni mwanamke, hilo mlipe heshima yake

Shangazi_Tabata: Nalipa. Ndo wazo zuri pekee, wakalileta dakika za mwisho.

Kibatari: Shangazi umenimalizia stori yote 😂 tumeangalia ya 1975 hivyo hivyo. Mama watoto kimya mwanzo mwisho, hata pale wanawake wanasukuma matoroli supamaketi wanasalimiana kama wanasoma risala. Asubuhi nikaomba chai, akaniangalia tu. Nimejipikia.