Tupeane uzoefu: filamu ya Kikristo iliyokubadilisha namna ya kuomba

Nianze mimi, niko Goma. Mama aliona War Room (2015) kwa jirani, ile ya bibi Clara aliyegeuza kabati la nguo kuwa chumba cha maombi, ukutani kajaza karatasi za maombi. Akarudi amewaka moto. Sasa sisi Birere, nyumba ya mbao, vyumba viwili, watu saba: kabati litoke wapi? Akachukua nyuma ya mlango wa jikoni, akagongomea karatasi za daftari kwa misumari ya mabati. Siku moja baba kafuata makaa, akasoma: "Bwana, mumurudishe baba watoto nyumbani mbele ya saa mbili." Hakusema kitu. Kesho yake tukakuta chini yake kaandika kwa bic nyekundu: "Saa tatu."

Haya, nyinyi?

Mtoto wa Kadutu (Bukavu): Mimi ni ile ya Yesu ya 1979, inayofuata Injili ya Luka. Walifunga shuka kwenye miti miwili, jenereta inanguruma. Yesu anaongea Kiswahili safi kumshinda mwalimu wetu! Amefika kwa binti Yairo, petroli ikaisha. Giza totoro. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti binti aamke, nasi watoto tukaitikia. Kijana akaja mbio na bidoni, picha ikarudi, binti akaamka. Kwa miaka nilijua ni sisi tuliomwamsha.

Mama L'shi (Lubumbashi): Mtanisamehe. Facing the Giants (2006) tuliionyeshwa kanisani, mwaka wetu wa sita wa ndoa. Kocha na mkewe hawapati mtoto. Filamu inaisha wamepata. Taa zilipowashwa, wamama wote wakanigeukia, wanatabasamu. Leo ni mwaka wa kumi na moja. Kuomba bado naomba. Filamu hizo, hapana.

Motari wa Katindo: Pole sana dada. Kweli wanaoandika wanajua mwisho kabla ya kuanza, sisi hatujui. Mimi kilichonishika ni nyuma ya kamera: hiyohiyo ilitengenezwa na kanisa moja la Albany, Georgia, kule Marekani, waigizaji karibu wote waumini wa kujitolea, kwa dola kama 100,000 tu. Kwaya zetu zinashindwa kununua kinanda bila kugombana.

Mama L'shi: Asante kaka. Wewe wa Birere, baba alirudi saa ngapi?

Saa tatu na nusu. Karatasi bado iko.